Nyonga ya Msusi

Mimba ilipotimiza miezi saba, msusi alianza kutembea kama bata. Wateja walicheka, naye akacheka nao, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Kila hatua ilimchoma kwenye kinena, na akisimama kusuka saa nzima, maumivu yalihamia kiunoni yakatulia huko kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka.

Saluni haikukosa madaktari. Aliyekaa kitini alisema ni mtoto wa kiume, hao wana vurugu tangu tumboni. Aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele akapaza sauti kwamba ni upepo tu. Wa tatu akamkumbusha kuwa mvumilivu hula mbivu.

"Mimi navumilia," msusi akamjibu, "ila hizi mbivu zinachelewa."

Alhamisi alikuwa akimsuka wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke asiyejua kunong'ona. Kichwa kilifika nusu. Msusi akataka kuruka ndoo ya maji apite upande wa pili, mguu ukagoma hewani. Akashika meza, machozi yakamlenga.

"Mkunga anajua habari hii?" wifi akauliza.

"Anajua. Aliniandikia karatasi niende kwa mtaalamu wa viungo. Imo kwenye mkoba."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na karatasi imeshapona?"

Ukweli ni kwamba msusi aliogopa. Angeambiwa aache kazi akalale mpaka ajifungue, naye miaka kumi na moja hakujua kukaa bure. Lakini wifi alikwisha kujifunga kitambaa juu ya kile kichwa cha nusu, mkoba wa mwenziwe begani. "Twende. Nywele zangu zitasubiri, nyonga yako haisubiri."

Chumba cha mtaalamu kilikuwa na kitanda chembamba, godoro sakafuni, na mpira mkubwa uliofika magotini. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mama wa makamo mwenye raba za kijani na mikono ya joto. Alimbonyeza mgongo taratibu, akamwambia alale ainue mguu mmoja, kisha mwingine. Ulipoinuka wa kushoto, msusi akapiga yowe.

"Hapo," mtaalamu akasema. "Mwili unajiandaa kuzaa, kwa hiyo kano zinazoshika mifupa ya nyonga zimelegea. Si ugonjwa. Lakini hakuna sheria inayosema lazima uteseke. Unafanya kazi gani?"

"Nasuka."

"Nionyeshe."

"Hapa? Kichwa cha nani?"

Mtaalamu akamtazama wifi. Wifi akafungua kitambaa.

Msusi akasuka mistari miwili huku mtaalamu akimzunguka kama fundi anayekagua ukuta. "Mguu wa kulia una kazi gani?"

"Huo? Unapumzika."

"Basi wa kushoto umechoka kumbeba ndugu yake."

Msusi akavuta pumzi, akauliza lililomleta kwa shingo upande. "Kwa hiyo nifunge saluni?"

"Nani kasema ufunge? Nimesema ukae!"

Akamfundisha kusuka akiwa juu ya kigoda kirefu, mteja chini yake. Kuvaa akiwa ameketi. Kugeuka kitandani magoti yakiwa pamoja, na kulala na mto katikati yake. Akampa mkanda wa kushika nyonga. Kisha akamshusha kwenye godoro, mikono na magoti chini, akunje mgongo na kuunyoosha kama paka aliyeamka. Wifi naye akashuka kuigiza, mgongo wake ukalia *kwa!*, na wote watatu wakacheka hadi mtaalamu akafuta macho.

"Ukiona damu, au maumivu yakija na kuondoka kama mawimbi, usinitafute mimi," alimwonya mlangoni. "Nenda kwa mkunga moja kwa moja."

Wiki ya kwanza, kusuka amekaa kulimpa aibu, alijiona mvivu. Ya pili, mchomo ule ukapungua makali. Kisha ikaja Jumamosi ya bibi harusi na wapambe sita. Msusi akasahau kigoda, akasimama tangu asubuhi hadi alasiri, na Jumapili hakuweza hata kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Alirudi kwa mtaalamu akiwa amejiandaa kugombezwa.

"Umejua sasa mpaka wako uko wapi," mtaalamu akasema tu, na kumwelekeza kwenye godoro.

Maumivu hayakuisha kabisa, ila yalijua adabu. Alifanya kazi hadi wiki mbili kabla ya kujifungua. Siku ya mwisho kabla ya likizo alipita kwa fundi seremala kuagiza vigoda vingine viwili, vya wasusi atakaowaajiri.

"Virefu hivi? Wana mimba nao?" fundi akauliza.

"Hapana," akasema. "Wana migongo."