Mfuniko wa Nisubiri Mombo

Tangu Ayubu afungue kijiwe chake cha kahawa pale Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, kile kiti cha basi hakikuwahi kukaliwa na mtu zaidi ya Zubeiri. Wengine walijibanza kwenye benchi, wengine walikaa juu ya kreti za soda zilizopinduliwa. Kiti cha basi, na sponji lake lililotoka nje kama ulimi wa mbuzi, kilikuwa cha kadhi. Na kadhi wa mambo ya Mkonge Roki alikuwa yeye.

Mkonge Roki ilikuwa bendi ya hapo hapo Tanga. Magitaa ya umeme, suruali za bugaluu, viatu vya raizoni vya kumfanya mtu mfupi aonekane mtu wa maana. Ilivunjika nusu ya wanakijiwe hawajazaliwa, lakini hilo halikumzuia mtu kugombana. Kila alasiri walibishana mpaka mate yakaingia kwenye vikombe. Shati la mwimbaji kwenye jalada la santuri lilikuwa la zambarau au jekundu? Basi lao liliharibika Segera au Mkata? Wakichoka walimgeukia Zubeiri.

"Kadhi, hukumu."

Zubeiri alikuwa anamega kashata, anafumba macho, anatafuna kwanza. Ukiwa na jibu, huna haja ya haraka.

"Mkata. Na halikuharibika, liliishiwa mafuta."

Kesi imekwisha. Nani atabisha na mtu aliyewaona? Maana wote pale waliijua bendi kwa kusikia, Zubeiri peke yake aliiona kwa macho. Kwa jicho, tuseme. Alikuwa na miaka minane, Idi Mosi, na ukuta wa ukumbi ulikuwa na tundu.

"Jicho moja, nusu bendi," Bryson alikuwa anamtania kila mara. Bryson alikuwa mlinzi wa benki, Mchaga aliyeletwa Tanga na kazi, akanasa kwa bendi hii kuliko wenyewe.

"Nusu niliyoiona mimi," Zubeiri humjibu, "wewe hata kwenye ndoto hujaipata."

Ndipo akaja Tuhfa.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, Mpemba wa Wete, kahamishiwa Tanga mwanzo wa mwaka na kupanga nyumba inayotazamana na kijiwe. Mwanzoni hakuwa na tatizo na mtu. Anakuja na chupa yake, anajaziwa kahawa, huyo anarudi kwake. Mpaka siku ile walipokuwa wanabishania mluzi. Katika ule wimbo wao wa *Dereva wa Jirani* kuna mtu anapiga mluzi wa kukutoa machozi. Zubeiri alishahukumu: mwimbaji.

"Shikamoo, Mjomba Zubeiri," Tuhfa akasema, chupa mkononi. "Samahani, mie naona ule mluzi ni wa mpiga dramu. Mwimbaji anaimba wakati huo huo mluzi unalia. Sasa mdomo mmoja utafanyaje kazi mbili?"

Ayubu akaucheza wimbo kwenye spika yake ndogo. Wote wakainamisha vichwa. Na kweli, wallahi, sauti inaimba na mluzi unapita juu yake kama nzi juu ya chai. Miaka yote hiyo, na hakuna aliyeona.

"Yarabi," akasema Bryson. "Mwalimu, kaa kidogo."

Akakaa kwenye kreti. Na hakuondoka tena.

Baba yake Tuhfa, kumbe, alikuwa anarekodi Mkonge Roki kutoka redioni, kule Wete, kwenye kanda, anamfukuza kila mtu chumbani ili kuku wasiingie kwenye wimbo. Yule binti alijifunza kusoma kwenye maganda ya kanda hizo. Alijua wimbo gani uliimbwa mara mbili kwa maneno tofauti. Alijua mahali mpiga solo alipokosea nyuzi akajifanya ndivyo alivyotaka. Kila alasiri alikuja na kipande kipya, na kila kipande kilimwingia Zubeiri kama mwiba wa changu kooni.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba binti mwenyewe alikuwa na adabu. Shikamoo mjomba, karibu mjomba, wewe wasemaje mjomba. Mtu unayetaka kumchukia angalau awe na ufidhuli kidogo akusaidie! Huyu hata hilo alimnyima.

Siku moja Ayubu akamimina kikombe cha kwanza, kile cha juu ya birika ambacho kwa desturi ni cha kadhi, akakipitisha mbele ya pua ya Zubeiri, akampa Tuhfa. Hata hakufanya makusudi. Mkono ulikwenda wenyewe. Zubeiri akakitazama kile kikombe kikienda kama mtu anayemwangalia mkewe akipanda gari la mwanamume mwingine.

Nyumbani mkewe akamuuliza mbona hali chakula.

"Sina njaa."

"Mwalimu kasema nini leo?"

"Mwalimu nani?" akauliza Zubeiri, na sauti ikamtoka nyembamba.

Wiki hiyo hiyo Bryson akaja na habari. Mzee Idarusi, mpiga gitaa la besi, ndiye pekee wa Mkonge Roki aliyebaki hai, anaishi Pangani, na amekubali kutembelewa Jumapili. Kijiwe kizima kikashangilia kama timu imefunga bao. Halafu Bryson, kwa ule mdomo wake, akaongeza:

"Na nina wazo. Mzee keshasikia kila kitu kuhusu bendi yake. Basi atakayemwambia jambo asilolijua, kiti cha basi ni chake."

Watu wakacheka, wakakubali, na wote, wote kabisa, wakamtazama Tuhfa.

Usiku Zubeiri hakulala vizuri, lakini asubuhi aliamka anatabasamu. Alikuwa na laini ya pili ya simu, ya zamani, hakuna pale kijiweni aliyeijua. Akaiweka hewani, akamwandikia Tuhfa.

*Mwalimu, mimi ni mpwa wa marehemu mpiga dramu. Nasikia mnakwenda Pangani. Ile sauti ya chwaa mwanzo wa Nisubiri Mombo si sahani ya dramu. Ni mfuniko wa sufuria la pilau. Bi Mwanamwema aliyekuwa anawapikia ulimponyoka wakati wanarekodi, ukaanguka sakafuni, wakaona umependeza wakauacha. Usimwambie mtu mpaka ufike kwa mzee.*

Akausoma tena, akajipongeza. Uongo mtamu! Pilau, Bi Mwanamwema, sakafu. Angemtazama binti akiutoa mbele ya mzee, na mzee akisema, "Nani kakudanganya, mwanangu?" Basi. Kreti ingerudi kuwa kreti na kiti kingebaki kiti.

Jumapili walikodi Noah, wakafika Pangani kabla ya adhuhuri. Mzee Idarusi alikuwa barazani kwake, kanzu nyeupe, vidole virefu kama vya mtu anayehesabu kitu muda wote. Shikamoo zikamiminika, marahaba zikarudi, madafu yakaletwa. Ayubu akatoa spika, akaweka *Nisubiri Mombo*, wimbo mkubwa kuliko zote za Mkonge Roki. Chwaa! Halafu besi ikaingia, ile besi ambayo Zubeiri ameisifia maisha yake yote.

Alishajiandaa. Akasimama.

"Mzee wangu, mimi nilikuoneni kwa macho yangu. Na naapa, hakuna kidole Tanga hii kilichowahi kupiga besi kama kidole chako kwenye wimbo huu."

Mzee Idarusi akaweka dafu chini, kwa nguvu.

"Nanyi mmekuja na hilo hilo! Nimesema mpaka nimechoka, hakuna anayesikia. Wimbo huu sikupiga mimi! Nilikuwa na tetekuwanga, nimelala, nimepakwa dawa kama ukuta. Watu wa redio walikuja na gari lao kurekodi ukumbini, wakamweka mtu wa Muheza ashike gitaa langu. Siku moja tu kashika, na wimbo ndio huo uliovuma. Tangu hapo, nikienda sokoni, msikitini, harusini, 'Mzee Idarusi, besi ile!' Mnanisifia mkono wa mtu!"

Zubeiri akakaa polepole, uso umemwiva. Kipande kikubwa kuliko vyote kuhusu bendi kilikuwa kimetoka, na kimetoka kwa kumuumbua yeye. Bryson alikuwa anauma midomo ili asicheke.

Basi ikabaki moja tu ya kumwokoa. Akamtazama Tuhfa. Sema, mwanangu. Sema hiyo ya pilau tuzame wote.

Tuhfa akajiweka sawa mtandio.

"Babu, mie nina jambo, lakini si langu. Ni la Mjomba Zubeiri."

Zubeiri akainamia dafu lake.

"Nilitumiwa ujumbe na mtu asiyejitaja," Tuhfa akaendelea. "Nikasema, mtu kanipa kitu kikubwa hivi, hata vocha ya shukrani nisimtumie? Nikaingiza namba yake nimrushie hela kidogo, na kabla sijathibitisha simu ikanitolea jina la mwenye laini. Zubeiri. Nikacheka peke yangu. Mjomba kaona haya kunipa mkononi, kataka mie nishinde. Lakini kiti ni chake, babu, siwezi kumpora. Na nikajua ni kweli, maana Mjomba Zubeiri hasemi la uongo kuhusu bendi hii."

Ayubu alikuwa anamtazama Zubeiri kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyegundua kuwa jirani yake ni walii.

"Basi lisemwe," akasema mzee.

Tuhfa akalisema lote. Pilau, Bi Mwanamwema, mfuniko, sakafu. Mzee Idarusi akasikiliza bila kupepesa. Zubeiri alikuwa anamwomba Mungu ardhi ipasuke, au angalau kuku mmoja apite barazani watu wamwangalie huyo.

"Rudisha wimbo," mzee akasema. "Mwanzo."

Ayubu akarudisha. Chwaa!

"Tena."

Chwaa!

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Zubeiri alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini kwa kicheko, kicheko cha kumkunja mtu.

"Mfuniko!" akasema. "Haaa, hawa mabwana! Mnajua walinifanya nini? Kila wimbo huu ukipigwa, ikifika hapo mwanzo wanatazamana, wanacheka. Nikiuliza, 'Mnacheka nini?' wananiambia, 'Wewe hukuwepo.' Maisha yao yote! Mmoja alikuwa hospitali, yu taabani, nikamwambia, 'Yakhe, niambie basi ile sauti ni ya nini.' Kanicheka, kaniambia, 'Hukuwepo, Idarusi.' Wamekufa nayo wote. Wivu umenila mimi kwa sauti ile, kushinda besi yenyewe." Akajifuta macho kwa pindo la kanzu. "Kumbe mfuniko wa pilau. Mwanangu, ulijuaje?"

Wote wakamgeukia. Mdomo wa Zubeiri ukafunguka. Neno lilikuwepo, fupi tu: nimetunga. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini mzee alikuwa amemshika mkono kwa vile vidole virefu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa mlango baada ya kugonga ujana na uzee wake wote.

"Tunduni," akasema Zubeiri. "Kulikuwa na tundu ukutani, mzee."

"Siku hiyo ulikuwepo!"

"Nilikuwa mdogo."

"Kumbe ulikuwepo," mzee akarudia taratibu, na kwa jinsi alivyomtazama, Zubeiri alijua anaonewa wivu. Maisha yake yote alikuwa anautafuta wivu wa mtu kama huyu. Ulipomfika alitamani kuuvua kama shati lenye siafu.

Kiti kikabaki chake. Bryson mwenyewe alikifuta vumbi waliporudi Ngamiani, Ayubu akammiminia kikombe cha kwanza, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumtania tena kuhusu jicho moja. Habari ya mfuniko imeenea. Vijana wa bodaboda wanaijua. Kuna mtu Muheza anadai Bi Mwanamwema alikuwa shangazi yake, na ana picha.

Sasa kila alasiri Ayubu akiweka *Nisubiri Mombo*, kijiwe chote kinanyamaza na kuinua kidole. Chwaa! "Huooo!" wanapiga kelele, na wanaangua kicheko, wanatazamana. Tuhfa hucheka kuliko wote, kaziba mdomo kwa mtandio, machozi yanamtoka.

"Unausikia unavyobiringika, mjomba? Pale mwishoni, kabla haujatulia?"

Zubeiri huegemea kiti cha basi, hufumba macho, husikiliza kwa nguvu zake zote. Mwenzake anasikia mfuniko, sakafu, hata harufu ya pilau. Wote wanasikia, na Mzee Idarusi kule Pangani anasikia. Yeye anasikia sahani ya dramu.

"Nausikia, mwalimu," humjibu, na kuinua kidole, kimechelewa kidogo.