Mstari Ulioitwa Uchafu

Kazini walimwita Bwana Nyuzi, maana hata ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu kwa nyuzijoto. Alipima nyumba za kale zinavyokula umeme, na kamera yake ya joto hakumwachia mtu. Penye baridi ilionyesha buluu, penye joto rangi ya chungwa, na penye joto jingi zaidi nyeupe.

Nyumba hii ilikuwa ya mama mmoja kipofu, aliyefariki miezi mitatu nyuma. Kitindamimba wake, mshonaji, alitaka kuhamia na vyerehani vyake. Kuta zilipitisha joto kama chekeche, kwa hiyo ofisi ya majengo ya kale ikatoa sharti: zifunikwe kwa mbao za povu, la sivyo haunganishiwi umeme. Bwana Nyuzi alijaza fomu ya vitu vyenye thamani. Mlango wa nakshi, ubaki. Ngazi, zibaki. Palikuwa pia na mstari mweusi unaong'aa ukutani, usawa wa kiuno, kutoka chumba cha marehemu, kupitia ukumbini, hadi jikoni. Mama yule alikuwa ameupapasa ukuta huo miaka arobaini. Bwana Nyuzi, mtu wa watu lakini kichwa kigumu, aliandika: uchafu, ufunikwe.

Asubuhi ile fundi alikuwa amekwisha kupigilia ubao wa kwanza katikati ya ukumbi, akatoka kufuata misumari. Bwana Nyuzi akainua kamera akague kazi.

Ukutani palikuwa na kiganja cha rangi ya chungwa.

"Dada, umeshika ukuta huu?" alimuuliza mshonaji.

"Nishike saa ngapi? Niko huku jikoni tangu umefika, kaka. Au kamera yako imezeeka kama wewe?"

Hakucheka. Mbele ya kiganja kile kilitokea cha pili, kisha cha tatu, na ukumbini hapakuwa na mtu ila yeye. Viganja vilifuata mstari polepole hadi kwenye ubao, vikasita. Vikapanda juu, vikashuka, vikarudi nyuma, vikaja tena palepale. Mtu alikuwa amepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Bwana Nyuzi aliogopa, tena sana, lakini kilichomchoma zaidi ni aibu.

Alimwita mshonaji, akampa kamera. Utani ulimwisha mara moja.

"Anakwenda jikoni," alisema. "Alinipigia simu, nikamwambia nitakuja Ijumaa. Akasema ataningoja jikoni, kwenye kiti chake. Ijumaa nimefika, wananionyesha kaburi." Akafuta macho kwa kiganja. "Toa huo ubao."

"Dada, hawatakuunganishia umeme."

"Nitashona kwa cherehani cha miguu, kama alivyoshona yeye kwa kupapasa. Nimesema toa!"

Bwana Nyuzi hakumngoja fundi. Alishika nyundo ya watu, akaung'oa ubao kwa pupa mpaka akajichubua vidole. Nyuma yake mstari ulikuwapo, umetobolewa na misumari, lakini haukukatika. Alitoa fomu mfukoni, akalikata lile neno uchafu mara mbili.

Mshonaji alirudi jikoni, akakaa kwenye kiti cha mama yake, mikono mapajani. Bwana Nyuzi alichukua kamera yake, akavifuata viganja. Vilipita penye matundu ya misumari, vikafika mlangoni mwa jikoni, mstari ulipoishia. Hapo havikuonekana tena. Ukuta uliobaki ulikuwa buluu tupu.

"Amefika wapi?" mshonaji aliuliza.

Aliizungusha kamera akitafuta sakafuni, juu ya meza, dirishani. Kisha ikapita kwenye uso wa mshonaji, akaisimamisha. Shavuni palikuwa na vidole vitano vyeupe. Vikapanda kwenye paji la uso, vikashuka puani, vikazunguka kidevu bila haraka, kama afanyavyo kipofu anapotaka kumjua mtu.

"Kaka, nakuuliza. Amefika wapi?"

Bwana Nyuzi aliishusha kamera.

"Kwako, dada."