Masalio ya Sindano

Ivermektini ya ng'ombe ina miligramu kumi katika kila mililita, na mililita moja hutosha kilo hamsini za mnyama. Jumanne asubuhi, kule Luberizi, niliwachoma ng'ombe thelathini na mmoja wa Eugène. Nilipomaliza, bomba la sindano lilikuwa limebaki na mililita moja. Nikamchoma nayo mbwa wake.

Hiyo ni desturi ya uwanda mzima wa Ruzizi. Dawa iliyobaki hairudishwi kwenye chupa, kwa kuwa sindano imeshapita kwenye ngozi nyingi, na hakuna mfugaji anayekubali kuiona ikimwagwa chini. Mbwa huitwa, hushikwa masikio, akapewa masalio. Nimefanya kazi ya utabibu wa mifugo kwa miaka kumi na tisa, na nimewachoma hivyo mbwa nisioweza kuwahesabu. Mbwa wetu wa kienyeji, yule mwembamba mwenye manyoya mafupi na mkia uliojikunja, huvumilia hata mara kadhaa ya kipimo cha ng'ombe. Kupe humwanguka, upele hukauka, na jioni anakula kama kawaida.

Mbwa wa Eugène hakuwa wa kienyeji. Alikuwa koli, mbwa wa kuchunga, mwenye manyoya marefu na pua ndefu, aliyeachwa na mtaalamu mmoja wa kilimo aliyerudi kwao Ulaya miezi minane iliyopita. Alikuwa na mduara mweupe shingoni, kama kola ya padri, na wakulima wa mpunga wakamwita Abbé. Walisema huyu ndiye abbé pekee asiyechelewesha misa, maana kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tayari kwenye zizi, akingoja.

Nilimjua mbwa huyo kwa simu kabla ya kumwona. Eugène alinipigia mwezi wa kwanza wa kukaa naye kuuliza kama amnyoe kwa sababu ya joto. Nilimkataza. Manyoya ya koli yana tabaka mbili, na lile la juu huzuia jua lisifike kwenye ngozi. Mnyama wa namna hiyo huchanwa, hulowanishwa tumboni, na hulazwa kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa. Nilimwambia pia kwamba koli asiyepewa kazi huharibika akili. Yote hayo yalikuwa sahihi. Na katika daftari langu la shule, Bukavu, ukurasa wa dawa za minyoo, niliandika kwa mkono wangu kwamba koli wengi huzaliwa bila kizuizi kinachozuia ivermektini isiingie kwenye ubongo. Kwa hiyo kosa langu halikuwa kutojua. Eugène alimshika masikio, mimi nikanyoosha mkono.

Abbé alikuwa na kilo ishirini na mbili. Mililita moja ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kipimo cha ng'ombe, kwa mbwa ambaye hakupaswa kupewa hata hicho kimoja.

Eugène alipiga simu alasiri hiyo hiyo.

"Docteur, mbwa iko natembea kama mulevi. Amegonga mulango mara mbili. Haione."

"Mate yanamtoka?"

"Mate iko namwangika tu."

Nilimwambia atafute pikipiki amlete kwangu Uvira mara moja.

Alimleta akiwa amefungwa kwa kitenge kifuani mwake, kama mtoto. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka hadi rangi ya kahawia haikuonekana tena. Misuli ilimtetemeka kuanzia midomo hadi mapajani. Eugène, mwanamume wa miaka sitini hivi, mrefu, asiyependa maneno, alimlaza juu ya meza yangu akasimama kando.

"Mupatie dawa ya kumutuliza."

"Hapana. Ile ninayo kabatini, lakini inafanya kazi mahali palepale kwenye ubongo ambapo sumu iko. Itammaliza."

"Sumu gani? Alikula nini?"

Nilimweleza. Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba sumu ni dawa yangu, kwamba haina kiuasumu, kwamba mwili wenyewe lazima uitoe, na kwamba hiyo huchukua siku nyingi. Kazi yetu ilikuwa kuzuia asife kwa kitu kingine wakati tunangoja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Na minye mwenyewe, ngombe zangu nitapitisha na nani?"

Swali hilo lina maelezo yake. Zizi la Eugène liko upande wa juu wa mfereji wa kumwagilia mpunga, na malisho yako upande wa chini, karibu na mto. Kati ya pande hizo kuna njia ya kilomita mbili, upana wa hatua sita, na mpunga pande zote mbili. Kamati ya mfereji ilikuwa imewafukuza wafugaji wote kwenye njia hiyo baada ya mashamba kukanyagwa mwaka juzi. Eugène peke yake aliruhusiwa, kwa sababu Abbé aliwapitisha ng'ombe thelathini na mmoja bila hata mmoja kuinamisha kichwa upande wa shamba. Sharti liliandikwa na kusomwa mbele ya watu: ng'ombe wakiingia mara moja, onyo, mara ya pili, kundi linaondoka uwandani kesho yake. Na kundi likiondoka hapo, pa kwenda ni Rurambo tu, milimani, ambako kaka yake Eugène alinyang'anywa ng'ombe wote kumi na wanane na watu wenye silaha, na hakurudi yeye mwenyewe.

Jumatano Abbé alipoteza fahamu. Moyo ulipiga mara arobaini na nne kwa dakika. Nilimwekea serumu mshipani, nikamtia mafuta machoni kwa kuwa hakupepesa tena, na kila baada ya saa nne nilimgeuza ubavu ili ngozi isioze. Eugène alirudi Luberizi kuchunga kwa fimbo.

Alhamisi ng'ombe saba waliingia katika shamba la Louise, rais wa kamati ya mfereji. Hilo lilikuwa onyo.

Ijumaa, saa sita na robo mchana, kifua cha Abbé kilisimama.

Nilikuwa na mfuko wa kupuliza hewa, ule wanaotumia wakunga, lakini mikono yangu ilihitajika kwingine. Aliyekuwa karibu ni Bilal, mwenye duka la dawa la mtaa wetu, aliyekuja kuniletea chupa za serumu. Yeye ana mbwa wa Kijerumani pale ghalani kwake, na mimi ndiye ninayemtibu masikio na kumpima nyonga, kwa kuwa mbwa wa namna ile huharibika nyonga akinenepa. Lakini Bilal hajawahi kumgusa. Humlisha kwa kusukuma sahani kwa mti.

"Bilal, shika hapa. Bonyeza, hesabu hadi nne, bonyeza."

"Consolée, dada yangu, minye niko na udhu. Iko Ijumaa."

"Najua ni siku gani."

Aliutazama ule ulimi uliolegea, umelowa. Akakunja mikono ya kanzu.

"Weye utanieleza kwa imamu," alisema, akashika pua ya mbwa kwa mkono wa kushoto, mfuko kwa wa kulia. Alibonyeza kwa dakika thelathini na tano. Kila mara alipotaka kuacha nilimwambia bado. Jasho lilimtoka hadi kwenye ndevu. "Abbé, baba," alisikika akinong'ona, "pumua basi, unanikosesha sala, na weye si wa dini yangu hata."

Mbwa alipopumua mwenyewe, Bilal alienda bombani akanawa mara saba, mara moja kwa udongo alioukwangua ukutani mwa bustani yangu, akavua kanzu akaikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Aliondoka na fulana. Sala ilikuwa imekwisha.

Jumamosi Louise alikuja Uvira mwenyewe. Ni mwanamke mfupi, mjane, mwenye mikono iliyopasuka kwa maji ya shamba. Eugène alikuja naye kwenye gari moja, wameketi mbali. Nilidhani Louise amekuja kudai fidia. Alikuja kuangalia.

Alisimama mbele ya mkeka ambapo mbwa alilala. Aliinama, akagusa ile kola nyeupe.

"Walisema amekufa."

"Hajafa, mama Louise."

"Iko nalala hivi tangu lini?"

"Siku ya nne."

"Jana ngombe zimeingia tena," Louise alisema bila kuniangalia. "Kwa Gédéon. Mara ya pili. Kamati iko nataka waondoke leo. Minye nimesema: ngojeni, nifike kwanza nione kama mbwa iko na siku. Mupunga umeshatoa vichwa, docteur. Bado wiki tatu tuvune. Siwezi ambia watu wangoje kitu chenye sijaona. Niambie siku tu. Ataamuka siku gani?"

Eugène alinitazama. Katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kunisihi kwa neno. Alinitazama tu, na nilielewa kabisa alichotaka niseme.

Nilifikiri juu ya yale ninayoyajua. Dawa hii hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya siku mbili au tatu. Mbwa wengine wa kabila hili huamka siku ya saba. Wengine siku ya ishirini. Wengine hawaamki, mapafu hujaa maji kabla sumu haijaisha. Na anayeamka hukaa siku kadhaa bila kuona vizuri.

"Sijui," nilisema. "Labda siku kumi. Labda wiki tatu. Labda haamki kabisa."

Louise aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa barua aliyoitarajia.

"Ungesema Jumanne, ningengoja Jumanne," alisema. "Ningewaambia: docteur amesema. Sasa nitawaambia nini? Labda?"

Alitoka kungoja gari nje.

Eugène alibaki. Alimgeuza mbwa ubavu mwingine, kwa kuwa saa ya kumgeuza ilikuwa imefika na aliikumbuka kabla yangu. Alitumia mikono miwili, moja chini ya bega, moja chini ya paja, kama nilivyomwonyesha. Kisha akasimama.

"Docteur, weye iko muntu wa kusema kweli sana."

Akafuta mikono kwenye suruali.

"Siku ya sindano ungekuwa hivi. Ungeniuliza: papa Eugène, mbwa hii ni ya namna gani? Neno moja tu. Leo ndio umekuja kuwa na macho."

"Papa Eugène, ningemdanganya mama Louise, na Jumanne ingefika."

"Jumanne ingefika," alisema. "Na minye ningekuwa Luberizi. Jumanne muntu anaweza pata akili ingine. Anaweza omba watu wa kumusaidia na fimbo. Weye umenifungia hata Jumanne."

Alikuwa sahihi, na mimi pia nilikuwa sahihi, na jambo hilo halikumsaidia yeyote. Nilimwambia nitakwenda mimi mwenyewe mbele ya kamati, niseme kwamba kosa ni la sindano yangu na si la mbwa wala mchungaji. Nilikwenda jioni hiyo. Walinisikiliza kwa heshima, wanaume tisa na Louise, wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa lao. Gédéon, ambaye mpunga wake ndio ulioliwa, aliuliza swali moja tu: je, kosa kuwa langu kutazuia ng'ombe wasile? Nikasema hapana.

Jumapili asubuhi Eugène aliwapeleka ng'ombe wake juu. Alinipigia simu alipofika njia panda ya kupandia Rurambo.

"Nimekuachia Abbé. Huku bila mbwa ni taabu, lakini mbwa mugonjwa ni taabu mbili. Umugeuze."

"Nitamgeuza. Simu yako iache wazi."

"Huku juu réseau ya simu haiko," alisema, na hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwake.

Siku ya tisa Abbé alimeza maji niliyomdondoshea kwa sindano isiyo na mwiba. Siku ya kumi na moja aliinua kichwa. Siku ya kumi na tatu alisimama, akaanguka, akasimama. Alikuwa amepungua kilo tano. Niliwasha mwali wa kiberiti mbele ya jicho lake la kulia na mboni ilijikunja. La kushoto lilichelewa, likafuata.

Nilimpigia Eugène siku hiyo mara sita. Kesho yake nilimtuma mtu wa Lemera, kule milimani, aliyekuwa akirudi kwao aulize njiani. Alinitumia habari kwamba kundi lilionekana likipita Jumatatu, na kwamba baada ya hapo watu wa vijiji vya juu walikuwa wamekimbia wenyewe, hakuna wa kuulizwa.

Wiki iliyofuata nilikuwa na kazi ya sindano upande huo huo wa uwanda. Nilipomaliza, mfugaji alimwita mbwa wake, mbwa wa kienyeji, mwekundu, mkia umejikunja. Alimshika masikio. Nilibonyeza bomba kuelekea chini hadi likaisha.

"Docteur! Unamwanga dawa?"

"Namwaga."

"Lakini hii ni mbwa ya hapa tu!"

Nilijua. Ingemfaa, na upele wake ulihitaji. Nilifunga sanduku langu nikapanda pikipiki.

Nyumbani nina kuku kumi na mmoja. Jana niliporudi niliwakuta wote kwenye pembe ya ukuta, wamesongamana, kimya, hakuna aliyeumizwa. Abbé alikuwa amelala mbele yao, kichwa juu ya miguu, macho wazi. Aliponisikia hakuja. Alinitazama, kisha akaangalia lango, kisha akanitazama tena, akingoja nifungue ili awapitishe.