Upande wa Ndani wa Jino la Dada

Mimi ni daktari wa meno, na wanafunzi wangu wananijua kwa ukali. Jino la kauri likishajaribiwa mdomoni, huwafokea, limeshaguswa na mate. Lioshwe, lipakwe asidi upya upande wa ndani, lipakwe dawa ya kushikisha, ndipo uweke gundi. Ukiruka hatua hiyo, gundi haitaishika kauri hata ukilia.

Dada yangu alivunjika jino la mbele, kikabaki kisiki, na kwa miaka kumi na moja alicheka kiganja kikiwa mdomoni. Binti yake alipoposwa, dada alikuja kliniki kunipiga vijembe.

"Midomo ya watu baki unaitengeneza, dada yako unamwangalia tu. Mimi nataka nicheke harusini, basi."

Nikamtengenezea jino la kauri la kuvikwa juu ya kisiki. Nilipolijaribisha na kumpa kioo, alicheka mdomo wazi, kisha akaanza kulia, nami nikalia naye.

"Gandisha hivyohivyo, mdogo wangu, nisije nikaamka!"

Nikapaka gundi palepale. Sikuosha wala sikurudia asidi. Nilisahau kabisa, mimi na domo langu lote.

Baada ya harusi aliniambia jino limetoka na kupotea. "Nilitafuna mfupa. Uroho wangu huo." Nilipotaka kumtengenezea jingine, alikataa katakata. Miezi mitano baadaye moyo wake ulisimama ghafla, tukamzika.

Juzi binti yake aliniletea lile jino. Alilikuta kwenye mkoba wa marehemu.

"Mama mdogo, siku ile mama hakula chochote. Bwana harusi alikanyaga gauni langu, mama akaangua kicheko, likadondoka, akaziba mdomo mpaka mwisho. Akaniapisha nisikwambie, eti utajilaumu bure."

Nililigeuza chini ya taa. Gundi ikibaki ndani ya kauri, tatizo ni la upande wa kisiki. Lakini ndani mlikuwa safi, hamna hata chembe. Gundi yote ilibaki kwenye kisiki cha dada, na dada yuko kaburini.

Nilitamani kunyamaza. Nikashindwa.

"Si bure, mwanangu. Kosa ni langu, niliharakisha. Harusini kwako mama yako aliufunga mdomo kwa sababu yangu."

Alilichukua jino kiganjani mwangu, akaondoka nalo.