Uji wa Mtama Ulionyeshewa

Mwanangu Deodata aliacha kula wiki ileile surua ilipomwachia. Vipele vilikauka, homa ikashuka, macho yakafunguka, nikasema haya, sasa tutapumua. Kumbe ugonjwa ule ulipofungasha mizigo yake ulibeba na hamu ya chakula. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na ukimnyanyua ni kama umenyanyua kuku: manyoya mengi, ndani hamna kitu.

Bwana Minani, mganga wa zahanati ya kijiji, alimpima, akakunja uso.

"Mama Anjelika, dawa ya huyu iko jikoni kwako. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Baada ya wiki mbili nataka awe ameongezeka. Asipoongezeka, itabidi umpeleke hospitali Biharamulo."

"Kwa gari gani, bwana mganga?"

Akatazama barabarani. Tukacheka wote wawili. Ilikuwa Desemba ya mwaka 1978. Magari yote yalikuwa yamechukuliwa kwa ajili ya vita. Malori yaliyopita hapa kwetu Lusahunga yalijaa askari na kuelekea kaskazini, na mume wangu Nyandwi alikuwa ameondoka na mojawapo, mgambo mwenye viatu vya kuazima. Kwa hiyo nilibaki na watoto wawili, Anjelika wa miaka minane na huyo Deodata wangu, na dawa iliyo jikoni. Na jiko lenyewe ndilo lilikuwa tatizo.

Niwaambie ukweli, mimi ni mtu wa Kibimba, kule Ngara. Kwetu mwanamke akifungua mlango wa nyuma, migomba inamwamkia. Tulihamia kijiji hiki cha ujamaa kando ya barabara miezi sita tu kabla, kwa sababu Nyandwi alikuwa kibarua wa barabara, na migomba niliyoipanda ilikuwa bado inanifika magotini. Kilichokuwapo ni muhogo. Mbele muhogo, nyuma muhogo. Mimi nilijua kupika ndizi kwa namna saba, na muhogo nilijua kuutazama.

Nikajisemea, muhogo ni nini? Ni ndizi iliyoota chini ya ardhi. Nikachimba, nikamenya, nikakatakata, nikatia chunguni pamoja na maharage kama tufanyavyo ndizi zetu, nikafunika na majani. Harufu ikatoka nzuri kweli. Nikafikiri, leo Deodata atakula.

Ndipo akaja jirani yangu Verediana kuomba moto. Viberiti vilikuwa vimeadimika dukani kama sukari, kwa hiyo asubuhi kila mwanamke alitazama ni paa gani linafuka, akaenda na kigae chake kuchukua kaa la moto. Verediana alikuwa mjane wa Kisubi, mwenyeji wa huku, mkubwa kwangu kwa miaka ishirini, mwembamba, na mdomo wake ulikuwa na makali kuliko panga la Nyandwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mla ndizi. Mtoto ameamkaje?"

"Vilevile. Ila leo nimempikia kitu."

Akafunua chungu, akachungulia. Akauliza muhogo nimechimba wapi. Nikamwonyesha shamba dogo la kando ya mtaro, lile la mashina mekundu. Alishika chungu kwa majani ya kufunikia, akakimwaga chote uani, muhogo na maharage yangu pamoja, kisha akaanza kufukuza kuku wasije wakadonoa.

Jamani, nilimfuata na mwiko! Nilikuwa tayari kumpiga mtu mzima. Anjelika akaanza kulia kwa sababu alikuwa na njaa, Deodata akalia kwa sababu Anjelika analia.

"Nipige," akasema Verediana, "lakini baadaye. Huo ni muhogo mchungu. Mbuzi wangu wawili walikula maganda yake, hawakumaliza hata kucheua. Ungewalisha hawa watoto mchana huu, jioni ungekuwa unaita watu."

Mwiko ukanishuka mkononi. Nikakaa chini palepale, kwenye maharage.

"Sasa nyinyi mnaulaje?" nikauliza.

"Kwa akili," akasema. "Inuka. Unakalia mboga."

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Alinifundisha kumenya ule muhogo na kuuanika siku moja, kisha kuulundika pembeni na kuufunika majani mpaka uote ukungu. Siku ya tatu nilifunua, nikakuta umeota manyoya meusi kama paka. Nikaona huyu mama ananifanyia mzaha. Nikabeba lundo zima nikaenda kulitupa shimoni. Verediana alinikuta njiani na ungo kichwani.

"Unakwenda wapi na chakula?"

"Hiki kimeoza, mama. Hata kwetu Ngara, tunaojulikana kwa uchafu, hatuli hiki."

Alicheka mpaka akashika mti. Akaniambia ukungu ndio unaotoa ubaya wa muhogo, kwamba unakwanguliwa kwa kisu, unavunjavunja vipande na kuvianika juani mpaka viwe vyeupe na vikavu, ukivigonga vinalia. Huo ndio udaga. Ukitwanga unapata unga. Akanipa wa kwake wa kuanzia, kibaba kizima, na kisha akaniketisha anifundishe kusonga, na kila nilipokosea aliita majirani waje waone Mhangaza wa Ngara anavyopigana na ugali.

Anjelika alikula akashiba. Nami nilishiba. Lakini Deodata hakuwa na habari na ugali wetu. Nikimpikia uji wa udaga mzito, unamkwama kooni, anautema. Nikiupika mwepesi, anameza vijiko vitano vya maji meupe na tumbo limejaa, hakuna kilichoingia. Sukari hakuna. Maziwa hakuna. Wiki ya kwanza ilikwisha hivyo. Nilikuwa nikimwogesha nahesabu mbavu zake, kisha nasimulia kichekesho kwa sauti ili Anjelika asinione usoni.

Kumbe katikati ya wiki hiyo paa lilikuwa limevuja. Mvua ya usiku ilipita kwenye nyasi na kuingia moja kwa moja ndani ya gunia dogo la mtama nililokuja nalo kutoka nyumbani, mbegu yangu ya msimu. Mimi sikujua. Nilipokuja kuligusa baada ya siku nne, lilikuwa la moto kama mgonjwa, na punje zote zimetoa vimizizi.

Kwetu mtama uliochipua una kazi moja tu: ni kimea cha pombe. Lakini mtu mwenye njaa hatupi punje. Nikauanika, nikausugua kwenye ungo mpaka vimizizi na vichipukizi vyote vikatoka, kama mama yangu alivyofanya kila alipotaka kupika pombe, nikausaga kwenye jiwe. Nikaonja unga. Ulikuwa na utamu.

Jioni hiyo nilikuwa nimepika uji mzito wa udaga, mwiko unasimama wenyewe. Niliuepua, nikauweka chini upoe, na Deodata akaugeuzia mgongo kama kawaida yake. Nikakumbuka ule utamu. Nikatia kiganja kimoja cha unga wa mtama, nikakoroga, nikainuka kumfungia kuku mlango. Niliporudi, mwiko ulikuwa umelala. Uji wangu mzito ulikuwa umekuwa majimaji, unamiminika. Sikuwa nimetia hata tone la maji.

Nikasema, basi, nimeharibu na hiki. Nikaurudisha motoni uchemke kidogo, maana sikuuamini, ukapoa, nikaumimina kwenye kikombe cha bati. Deodata alilamba. Akanitazama. Akashika kikombe kwa mikono miwili, nami nikaogopa kupumua nisije nikamshtua. Alikunywa chote, na uji wenyewe ulikuwa na unga wa vikombe vitatu vya siku zote.

Asubuhi sikungoja Verediana aje kuomba moto. Nilimpelekea mimi makaa ya moto, mbio, yanadondoka njiani.

"Mama, amekunywa!"

"Amekunywa nini?"

Nikamweleza. Uso wake ukabadilika.

"Kimea? Umempa mtoto wa surua kitu cha pombe? Ndiyo maana nyie watu wa Ngara mnatembea mnaimba. Mnaanzishwa mapema!"

"Njoo uone mwenyewe."

Akaja, amefunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kuamua ugomvi. Nikapika mbele yake, kwa mbwembwe. Safari hii niliutia unga wa mtama sufuria ikiwa bado motoni, uji unatokota, ili usikawie. Nikakoroga. Tukangoja. Nikakoroga tena. Uji ukabaki mzito vilevile, unanitazama. Deodata alitiwa kijiko kimoja, akautema kwenye kanga ya Verediana.

Sijui kama mmewahi kupewa kitu na kunyang'anywa mchana wa siku ya pili. Nilikuwa na siku sita zimebaki. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nililia mbele ya mtu.

Nilidhani Verediana atasema nilikuwa nimeota. Alikaa kwenye kigoda, akachukua mwiko, akaulamba, akafumba macho.

"Acha kulia. Nieleze jana. Kila kitu, pole pole, hata yale unayoyaona ya kijinga."

"Nilipika uji."

"Halafu?"

"Ulikuwa mzito."

"Halafu?"

"Nikautenga chini upoe. Yeye akakataa. Nikakaa kidogo. Nikatia mtama..."

"Uko wapi?"

"Nani?"

"Uji, wewe! Wakati unatia mtama uji uko wapi?"

"Chini. Nilikuwa nimeshauepua."

Akanipiga kofi la paja. "Umeuchoma mtama! Leo umeutia motoni ukaungua nguvu zake. Pombe yenu hiyo, mama yako alikuwa anatia kimea kwenye maji yanayochemka?"

Nikafikiri. Mama alikuwa anatumbukiza kidole kwanza. Kidole kikivumilia, ndipo anatia. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo utoto wangu wote, na sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Tulipika sufuria ya pili. Tukaepua. Verediana akatumbukiza kidole chake, akaruka, akasema bado. Akatumbukiza tena, akasema bado. Mara ya tatu akakiacha humo. Nikatia kiganja cha unga. Tukainama wote wawili, vichwa vinagusana, Anjelika katikati yetu. Mwiko uliokuwa umesimama ukaanza kuinama. Ukaegemea ukingo. Ukalala.

"Heee!" akasema Verediana, na hakuwa na la kuongeza, jambo ambalo kijiji kizima hakijawahi kuliona.

Tukaurudisha motoni ukachemka, ukapoa. Deodata akanywa kikombe chake. Verediana naye alikuwa amejimiminia chake, anataka kuonja kama mtaalamu, na kabla hajakifikisha mdomoni mtoto alikuwa ameshakishika ukingo, anakivuta.

"Mwachie," nikasema.

"Simwachii, mimi ni mtu mzima," akasema, huku anamnywesha.

Siku ya kupimwa alinisindikiza zahanati. Alisema anakwenda kuomba dawa ya mgongo, na dawa hiyo hakuiomba. Bwana Minani alimweka Deodata kwenye mzani, akausubiri utulie, akamtoa, akamweka tena. Mimi nilikuwa natazama ukuta.

"Ameongezeka," akasema. "Tena vizuri. Umempa nini, Mama Anjelika?"

Nikageuka kwa Verediana nikapiga magoti palepale kwenye sakafu ya zahanati, kama tunavyomshukuru mkubwa kwetu, nikashika miguu yake. Sikuwa namshukuru kwa uji peke yake. Namshukuru mpaka leo kwa chungu alichomwaga, na kwa kusema nimpige baadaye.

"Inuka, unanitia aibu," akasema. "Na huo uji ni wako, mimi nilitoa kidole tu."

Kwenye foleni nyuma yetu alikuwapo mama kijana, Eustakia, amembeba mtoto ambaye surua ilikuwa imempitia kama ilivyompitia wangu. Alikuwa ananitazama tu na macho yale niliyokuwa nayo wiki mbili zilizopita. Verediana akamkamata mkono, akaanza kumfundisha papo hapo: loweka mtama, uchipue, usugue, usage. Alipofika kwenye kutia unga akasema viganja viwili. Nikamsahihisha, ni kimoja. Akasema kiganja chako ni kikubwa, una mikono ya kulimia. Wanawake wengine wakasogea, na mmoja akauliza kama ulezi unafaa. Hatukujua. Tukakubaliana ajaribu atuambie.

Tulirudi kijijini jua likiwa kali, malori yakitupita na vumbi lake, nami nikayatazama kila moja kwa sababu ya Nyandwi. Deodata alikuwa amelala mgongoni kwangu. Tulipofika nusu ya njia nilianza kuhema.

"Nipe nikupokee," akasema Verediana. "Amekuwa mzito huyu."

"Hapana, mama," nikasema. "Niache naye hivihivi."

Mgongo uliniuma mpaka nyumbani.