Isale la Mwenyekiti

Aminieli aliteremka tambarare, chini ya Himo, kwa msimu mmoja tu, alime vitunguu arudi zake. Jina likaandikwa kwenye orodha ya kijiji cha ujamaa, na jina likishaandikwa, kutoka ni kwa barua ya mwenyekiti. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Huko juu mlimani, kijijini Mamba, mama yake, Martha, alibaki peke yake kwenye kihamba, shamba la migomba na kahawa aliloachiwa na marehemu mumewe. Kila aliyetoka huko alileta neno lile lile: kitinda mimba wangu aje kabla sijafa, kihamba kisiende kwa wengine.

"Nitolee vitunguu vya kuwaonyesha wageni wa wilaya," Mwenyekiti Gidioni alimwambia, "barua nakuandikia siku ya kuvuna."

Basi Aminieli akayeyusha mbolea ya chumvichumvi, kiganja kwa bomba zima, akabeba mgongoni bomba la kupulizia kahawa, akapulizia majani asubuhi na mapema kama alivyopulizia mibuni tangu ujana. Maji yakateleza yote chini. Jani la kitunguu limesimama kama mkuki, tena lina nta. Si jani la kahawa lililotandazwa kama sahani.

"Unavinawisha uso?" mkewe Tabitha akacheka.

"Leta sabuni."

"Sabuni! Kipande chenyewe hicho hicho tangu Pasaka!"

"Leta, mama. Tutanuka, lakini tutanukia nyumbani kwetu."

Akaikwangua ndani ya maji. Safari hii matone yakashika. Kila baada ya wiki mbili alipulizia, mpaka vitunguu vilipoanza kujaza. Majani yakawa kijani kizito, na vilipong'olewa, vitatu tu vilijaza mikono miwili. Wageni wa wilaya walivipapasa, wakapiga makofi, wakaagiza ekari kumi msimu ujao.

Jioni ile Aminieli alivaa koti, akaketi kungojea barua. Gidioni akaja hana karatasi. Mkononi alishika jani refu la isale lililofungwa fundo.

Mlimani isale ndilo mpaka wa kihamba, na ndilo msamaha: mtu akikuletea jani lenye fundo, hata awe amemwaga damu ya nduguyo, huwezi kulikataa.

"Kaka yangu," alisema Gidioni, ambaye siku zote alimwita ndugu tu, "nilikuahidi, nimeshindwa. Ekari kumi atazipulizia nani? Nisamehe, ubaki."

"Ungekuja na mgambo tungegombana," Aminieli alisema. "Umejua pa kunishika."

"Najua. Na mimi nimezaliwa huko huko mlimani, Kilema."

Aminieli akalipokea. Gidioni akaaga mbio mbio, kama anayeogopa kuitwa tena.

"Na mama tumwambie nini?" Tabitha akauliza.

Aminieli alilizungusha jani vidoleni. Fundo hakuligusa.

"Jirani yetu Eliona si anapanda Mamba kesho?"

"Anapanda."

"Mpe hili ampelekee mama."

"Aminieli! Umfunge mama yako kwa fundo la mwenzio?"

"Naye hawezi kulikataa," akasema, akavua koti.