Jumamosi Bila Tarrow

Chuo Kikuu cha Holcroft kilihama ligi mwezi Machi, mchana kweupe, na mkuu wa chuo akatokea kwenye televisheni amefunga tai ya rangi zetu, nyekundu na kijivu, anatabasamu kama mtu aliyemwoza binti yake kwa tajiri. Alisema tunaiaga Ligi ya Uwanda kwa heshima zote, na kwamba Ligi ya Bara ndiyo familia yetu mpya. Familia! Ligi ya Bara ni wale wale tuliokuwa tukiwazomea tangu nikiwa mwanafunzi, watu wa majiji makubwa wenye viwanja vilivyoezekwa, ambao hawajawahi kucheza kwenye theluji hata siku moja. Nikamrushia kiatu. Kiatu kikapiga ukuta, na mke wangu Marlys akaja kutoka jikoni kuangalia kulikoni.

"Lowell, una miaka sabini," akasema. "Kiatu kimekukosea nini?"

"Wametuuza, Marlys. Wametuuza kwa watu wa televisheni, kwa pesa za kurusha mechi."

"Haya, wamekuuza. Okota kiatu chako."

Niliokota. Lakini hasira yangu haikuwa ya ligi, na Marlys alilijua hilo kabla yangu. Ukiwa Ligi ya Bara, ratiba yako inajaa vyuo vya mbali, na nafasi ya Tarrow haipo tena. Na kama Tarrow haipo, mimi nitamwona wapi Verlin Stoltz?

Tarrow ni chuo cha kilimo, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari upande wa magharibi, kwenye Kansas hii hii ya ngano na upepo. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, tulikutana nao kwenye ule mpira wetu wa kofia ngumu na kuangushana, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao. Babu yangu alizomewa na babu zao. Sisi tuliwaita Wakamuaji, kwa sababu zizi lao la ng'ombe wa maziwa lilikuwa nyuma kidogo tu ya maktaba, na upepo ukigeuka hata kitabu kilinuka. Wao walituita Wavaa Tai. Hapakuwa na upande wenye kejeli nzuri, lakini tulizipigia kelele hivyo hivyo hadi sauti zikakauka.

Verlin nilikutana naye kwenye maegesho ya uwanja wao, tukiwa vijana wenye nywele. Mechi ilikuwa imekwisha, baridi imekaza, na gari langu likagoma kuwaka. Wenzangu wa Holcroft walipita wakinipungia mkono, washenzi wale. Aliyesimama alikuwa mtu mnene wa kofia ya kijani ya Tarrow. Alitoa nyaya za betri nyuma ya gari lake bila hata salamu.

"Kumbe Wavaa Tai hamjui hata kuwasha gari," akasema.

"Na nyie mmejifunzia wapi? Ng'ombe wana betri siku hizi?"

Alicheka hadi nyaya zikamponyoka. Mwaka uliofuata, walipokuja kwetu, niliegesha gari langu na kumshikia nafasi ya pembeni. Sikujiuliza kwa nini. Alipofika aliingiza gari pale kana kwamba tumepanga, akashuka na mkewe Twila, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, amebeba trei ya mikate ya mdalasini. Marlys alikuwa amepika sufuria ya maharage na nyama ya kusaga, yenye pilipili ya kutoa jasho. Tukachovya mikate mitamu kwenye mchuzi mkali, kama tunavyokula sisi watu wa huku. Mgeni akituona hudhani tumechanganyikiwa, na tunamwacha adhani.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi, na desturi ilikuwa na sheria zake ambazo hakuna aliyezitunga. Kabla ya mechi ilikuwa ni kejeli tu. Mtu asingeuliza hata habari za nyumbani, ingeonekana ameanza kulegea. Habari zilikuwa za baada ya mechi, tumekaa nyuma ya gari, miguu inaning'inia, sufuria katikati. Na aliyeshindwa ndiye aliyeanza. Mwaka wa kwanza walishindwa wao, na Verlin, ili asizungumzie mechi, akaanza kunieleza ugonjwa wa baba yake. Mwaka uliofuata tukashindwa sisi, nami nikakaa kimya nimenuna, hadi akanigusa kiwiko.

"Haya, Mvaa Tai. Mliopigwa ndio mnaanza."

Nikaanza. Nilimwambia kwamba tumepoteza mimba. Sikuwa nimemwambia ndugu yangu wa damu, lakini Mkamuaji yule nilimwambia, na watu wanapita wakiimba nyimbo za ushindi wao. Alivua kofia yake akaishika mapajani mpaka nilipomaliza, kisha akanieleza habari zake, za mvua ya mawe iliyolaza ngano yake yote.

Ndivyo tulivyoishi. Watoto walizaliwa, wakaelezwa Novemba. Wazazi walizikwa, wakaelezwa Novemba. Binti yetu Gretchen alipoachana na mumewe wakati wa kiangazi, Marlys aliniuliza mbona nimelikalia jambo hili moyoni, sina rafiki wa kumwambia? Nikamjibu Novemba si mbali. Namba ya simu ya Verlin sikuwa nayo, wala yeye yangu. Wala hakuna aliyewahi kufika nyumbani kwa mwenzake. Hatukuona haja. Mtu ambaye una uhakika wa kumwona humtafuti.

Na mechi ile ya mwisho, ya mwaka jana, hatukujua kwamba ni ya mwisho. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tulishinda, tena kwa bahati tu, Verlin akaanza, akasema hana habari, mwaka umepita salama. Twila akasema "salama gani, amegonga trekta ukutani mwa kanisa," tukacheka. Tukaagana kwa kupigiana honi. Ningejua, ningeshuka garini na kumpa hata mkono.

Basi Novemba ikaja. Jumamosi yenyewe, Holcroft walikuwa wakicheza Oregon, huko pwani ya Pasifiki, saa ambayo mimi huwa nimeshalala. Asubuhi nilizunguka ndani ya nyumba. Nikafungua jokofu, nikafunga. Nikavaa koti jekundu na kijivu, nikavua.

"Nenda kwake," Marlys akasema.

"Kwake kufanya nini?"

"Kunywa kahawa. Kumwona. Watu hutembeleana, Lowell, hata vitani walikuwa wanatembeleana."

"Mwanamume hawezi kutokea tu kwa mtu bila sababu. Nitasema nimefuata nini?"

Marlys aliweka sufuria mezani, ile ile kubwa, imejaa na imefungwa kitambaa. Alikuwa ameamka alfajiri kuipika, na mimi nikijizungusha nilikuwa nainusa bila kutambua. "Sababu hiyo hapo," akasema. "Mwambie Twila mikate yake imenitia hamu. Ningekuja mwenyewe, ila mafua haya nitamwambukiza."

Nikaendesha. Mashamba yameshavunwa, mabua tu na kunguru. Kwenye kituo cha mafuta cha Tarrow nilimuuliza kijana wa kaunta kwa Stoltz ni wapi, naye akaitazama kofia yangu ya Holcroft, akanitazama na mimi.

"Barabara ya changarawe, mzee, mpaka uone maghala mawili ya nafaka," akasema. Kisha akaongeza kwa upole ambao sikuutegemea kwa Mkamuaji, "Atafurahi kukuona."

Verlin alifungua mlango akiwa na soksi tu. Alikuwa amepungua, mtu mnene yule, shati linamwelea. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi. Njia nzima nilikuwa nimetunga la kwangu, zuri kweli, la ng'ombe na mkuu wa chuo. Lakini yeye akanitazama kitambo, akasema, "Lowell. Karibu ndani."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu kwenye uwanja ule, miaka yote ile. Niliingia na sufuria yangu, moyo umenishuka. Nikawaza, basi ndiyo hivyo, tumekuwa wageni. Ligi imekwenda na kila kitu.

Tulikaa mezani jikoni. Alimimina kahawa. Tukaisifu. Akaniuliza barabara ilikuwaje, nikamwambia nzuri. Nikamuuliza ngano ilikuwaje, akasema si mbaya. Nikamwuliza Tarrow wanacheza na nani leo, akasema na chuo fulani kidogo cha kujazia ratiba, hata jina hakulishika. Saa ya ukutani inapiga tiki, tiki. Mdomo nilikuwa nao na maneno nilikuwa nayo, mwaka mzima wa maneno, goti langu limepasuliwa, Gretchen anaolewa tena, lakini sikujua pa kuyaanzia. Naye namwona ananyanyua kikombe, anakirudisha bila kunywa.

"Tatizo ni kwamba hakuna aliyeshindwa," nikasema mwishowe.

Akatafakari. "Nyie ndio mliondoka."

"Aliondoka mkuu wa chuo, bwana. Mimi nilimrushia kiatu."

"Ulimpata?"

"Alikuwa kwenye televisheni."

Hapo kidogo akatabasamu. Kisha uso ukarudi ulipokuwa. "Basi sisi ndio tulioachwa," akasema. "Aliyeachwa ndiye ameshindwa. Naanza mimi."

Akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza.

"Twila amefariki. Mwezi wa sita. Ilianzia kwenye kongosho, haikuchukua muda. Kanisa lilijaa, Lowell, watu walisimama hadi nje. Kila mtu ananishika bega, ananiambia maneno mazuri, nami nawaitikia tu, kwa sababu kichwani nilikuwa nakuwekea wewe maneno. Hili nitamwambia Mvaa Tai Novemba. Nikalipanga kabisa, nianze na nini, nimalizie na nini, jinsi alivyocheka na daktari. Halafu niko pale pale kaburini nikakumbuka kwamba Novemba haipo."

Nililia. Sikujificha wala sikufuta. Nilimlilia Twila na trei yake, nikajililia na mimi, mjinga wa kiwango gani, niliyekuwa na rafiki saa moja na nusu kutoka nyumbani na nikawaachia watu wa televisheni wanipangie siku ya kumwona. Verlin hakulia. Nadhani alikuwa ameshamaliza. Alisubiri, kama nilivyowahi kusubiriwa, kisha akanisimulia yote kama alivyokuwa ameyapanga, tangu maumivu ya kwanza hadi asubuhi ile ya mwisho, na sikumkatiza hata mara moja.

Baadaye tukapasha sufuria. "Mikate hakuna," akasema, akatoa mkate wa dukani wa kukatwa vipande, na tukauchovya huo. Haukuwa na ladha yoyote. Tuliumaliza.

Zikafuata habari zangu, goti na Gretchen, na zote zilionekana nyepesi, lakini alizitaka, akauliza maswali, akataka kujua huyu mume wa pili ni mtu wa namna gani. Nje kukaanza kuwa kijivu. Nilipovaa koti nikamwambia, "Sikiliza. Likikupata jambo lingine usikae nalo. Nipigie."

"Nitakupigiaje? Namba yako sina."

"Si uandike."

Simu yao ilikuwa ya ukutani, bado ya waya, na ukuta unaoizunguka ulikuwa umejaa namba za penseli. Daktari wa mifugo, mchungaji, watoto, fundi wa trekta, zote kwa mwandiko mmoja mdogo unaolala upande, mwandiko wa Twila. Hapakuwa na hata namba moja ya mkono wa Verlin mwenyewe. Verlin akachukua penseli, akatafuta nafasi kwa muda mrefu, asije akagusa chochote, mpaka akaipata chini kabisa karibu na swichi ya taa. Ikabidi apige goti. Nikamtajia namba, akaiandika kwa tarakimu kubwa zilizopinda. Akaandika Lowell. Kisha akasimamisha penseli, akaniangalia kwa aibu.

"Jina lako la ukoo ni nani?"

"Pfannenstiel," nikasema.

"Mungu wangu. Linaandikwaje?"

Nikachuchumaa karibu naye, goti bovu na yote, nikamtajia herufi moja moja.